Kabla ya Kuweka Jicho Chini ya Leza, Piga Hesabu ya Konea

Mwezi uliopita nilipigiwa simu mbili kuhusu jambo moja, au ndivyo nilivyodhani. Ya kwanza ilitoka kwa shangazi yangu wa Machakos, mwenye umri wa miaka 67. Amesikia kwamba Nairobi siku hizi kuna leza inayofungua macho, na yake yameingia ukungu. "Mwanangu, hebu niulizie ni pesa ngapi." Ya pili ilikuwa ya kijana tunayefanya kazi pamoja, mvaaji wa miwani ya hasi nne, aliyechoka kufuta vioo kila mvua inapomkuta Odeon akisubiri matatu. Yeye pia alitaka leza.

Shangazi ana mtoto wa jicho. Leza anayoitaka yule kijana haimhusu hata kidogo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo ndani ya jicho inapopoteza uangavu wake, na tiba yake ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, upasuaji ambao hospitali kama Kikuyu na ile ya Lions kule Loresho zimeuzoea kama mpishi alivyozoea ugali. Kuna leza nyingine ya kushusha presha ya macho, na nyingine ya kuziba mishipa inayovuja kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ya mgonjwa wa kisukari. Ukimwambia mtu "nimefanyiwa leza", ni sawa na kumwambia "nimemeza dawa". Bado atauliza, dawa ya nini?

Kwa hiyo tukubaliane: hapa nazungumzia leza ya kuondoa miwani pekee. Shangazi nilimwelekeza kwingine.

Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ya kulenga mwanga hufanywa na lenzi ya ndani ya jicho. Kumbe theluthi mbili hivi za kazi hiyo hufanywa na konea, ule utando angavu ulio mbele kabisa, uliokaa kama kioo cha saa. Asiyeona mbali, ama konea yake imebinuka kupita kiasi, ama jicho lake limekuwa refu, na picha inatua kabla haijafika kwenye retina. Miwani huupindisha mwanga kabla haujaingia. Leza huenda kwenye konea yenyewe na kuichonga: asiyeona mbali huchongwa katikati ili pawe bapa zaidi, asiyeona karibu huchongwa kwa duara pembeni ili katikati paonekane pamebinuka, mwenye astigmatizimu, ambaye konea yake imekaa kama mpira wa raga badala ya wa kandanda, huchongwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Leza inayochonga huitwa eksaima. Mwanga wake ni wa urujuanimno, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193, na sifa yake kubwa ni kwamba huvunja vifungo vya molekuli bila kuunguza jirani. Sifa hiyo iligunduliwa kwenye nyama. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi wa IBM nchini Marekani, alichukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani akayapeleka maabara, akaona leza inakata safi bila alama ya moto. Kufikia 1995 Marekani ilikuwa imeidhinisha mashine ya kwanza ya kuchonga konea za watu. Anayefanyiwa husikia harufu kama ya nywele zilizoguswa na moto, akadhani jicho lake linaungua. Haliungui. Ni chembechembe za konea zinazoruka hewani.

Sasa hesabu, na hapa naomba subira kwa sababu mengine yote yanategemea hapa.

Konea ya kawaida, katikati, ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na ushei. Kila diopta moja (namba moja ya miwani) ya kutoona mbali hula mikroni 12 hadi 15 hivi, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Katika njia inayojulikana zaidi, LASIK, daktari kwanza hukata kifuniko chembamba juu ya konea, mikroni 100 hadi 120, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, akachonga chini yake, kisha akakirudisha. Kifuniko kile hujishika tena, lakini hakirudishi nguvu yake ya awali. Kinachobeba jicho kuanzia siku hiyo ni tabaka lililobaki chini. Kanuni ya miaka mingi ni kwamba tabaka hilo lisishuke chini ya mikroni 250, na madaktari wengi waangalifu siku hizi hutaka 300.

Tumchukue mwenzangu wa Odeon. Tuseme konea yake ni 540. Kifuniko 110, diopta nne mara 15 ni 60. Inabaki 370. Yuko salama, tena ana akiba. Sasa tumchukue mtu wa hasi nane mwenye konea ya 490. Kifuniko 110, kuchonga 120, inabaki 260. Mashine itamchonga bila kulalamika, na asubuhi yake atasoma herufi zote ukutani. Shida yake inaweza kuanza mwaka wa pili au wa tano, konea iliyokondeshwa inapozidiwa na shinikizo la ndani ya jicho na kuanza kutuna mbele polepole. Hapo uoni huharibika kwa namna ambayo miwani ya kawaida haiwezi kuirekebisha.

Ngozi ya juu kabisa ya konea hujiotesha upya kwa siku chache. Nyama ya chini yake haioti tena. Ni kama shamba la urithi: ukiuza robo ekari, usitarajie kuikuta mwakani. Na kwetu hesabu hii ina uzito zaidi, kwa sababu vipimo vya miaka mingi vimeonyesha kwamba konea za watu wa asili ya Kiafrika, kwa wastani, ni nyembamba kidogo kuliko za Wazungu. Wastani haukuhusu wewe mmoja mmoja, lakini ni sababu tosha ya kuuliza, "Konea yangu ina mikroni ngapi, na zitabaki ngapi?" Daktari asiyetaka kukupa tarakimu mbili hizo, mshukuru na uondoke.

LASIK si njia pekee. Iliyoitangulia, PRK, haikati kifuniko. Daktari hukwangua ile ngozi ya juu, akachonga, akaweka lenzi laini kama bandeji kwa siku nne au tano hadi ngozi iote tena. Inauma. Siku tatu za kwanza utajuta kuzaliwa, na uoni wako utachukua majuma kukaa sawa, ilhali wa LASIK huona vizuri kesho yake. Lakini PRK huacha konea yenye nguvu zaidi, kwa hiyo mwenye konea nyembamba huelekezwa huko mara nyingi. Njia ya tatu, SMILE, hutumia leza ya aina nyingine kukata kipande kidogo chenye umbo la lenzi ndani ya konea, kikavutwa nje kupitia mkato wa milimita chache.

Wauzaji hupenda kuzipanga njia hizi kama modeli za simu, ya zamani, mpya, mpya kabisa. Mimi naona huo ni upotoshaji. Kijana anayecheza raga Ngong Road kila Jumamosi, au anayepigana ndondi, hapaswi kupewa kifuniko hata kama mashine ni ya jana, kwa sababu kifuniko kinaweza kusogezwa na kidole au kiwiko hata miaka kadhaa baadaye. Kwake ile njia "ya zamani" ndiyo bora.

Ukiniuliza siku iliyo muhimu kuliko zote, sitataja siku ya upasuaji. Leza yenyewe huchukua chini ya dakika moja kwa jicho. Nitataja siku ya vipimo, na ninaitaja kwa kuwa ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Nilikwenda na pesa zangu za chama, zamu yangu ilikuwa imefika, katika kliniki moja Upper Hill. Nilikuwa nimeacha kuvaa lenzi za kubandika kwa wiki mbili kama nilivyoagizwa, maana lenzi hizo hubadilisha umbo la konea na kuudanganya mtambo. Wanaovaa zile ngumu huambiwa waziache kwa muda mrefu zaidi. Nikaweka kidevu kwenye mashine, ikapiga ramani ya konea, mbele na nyuma, ikatoa picha ya rangi kama ramani ya mvua. Jicho la kulia lilikuwa sawa. La kushoto lilikuwa na doa jekundu chini kidogo ya katikati. Daktari akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Ulipokuwa mtoto, macho yalikuwa yakikuwasha?"

Yaliniwasha vipi! Nimekulia Githurai, vumbi la Januari nalijua kwa jina. Macho yangu yalikuwa mekundu mwaka mzima, na mama alikuwa akinipiga mikono nisiyafikiche. Aleji ya macho ni jambo la kawaida sana kwa watoto wa nchi zenye joto na vumbi, na kufikicha macho kwa miaka ni mojawapo ya mambo yanayoandamana na ugonjwa unaoitwa keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchongoka kama ncha ya yai. Katika hatua za mwanzo mtu haoni tofauti yoyote. Ramani pekee ndiyo inayoonyesha. Kumchonga kwa leza mtu wa namna hiyo ni kumsukuma aliye ukingoni.

Nikaambiwa nirudi baada ya mwaka. Nilirudi. Doa lilikuwa palepale, limeongezeka kidogo. Jibu likawa hapana. Sikupenda. Leo namshukuru daktari yule kuliko fundi yeyote aliyewahi kunihudumia. Baadaye nilipata tiba nyingine ya kuikaza konea, matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno, ambayo kazi yake ni kuzuia ugonjwa usiendelee, wala haiondoi miwani. Bado navaa miwani.

Basi kama kliniki inakupima asubuhi na kukupasua alasiri kwa sababu "ofa inaisha Ijumaa", tafakari ni nani anayefaidika na haraka hiyo. Vipimo vya maana ni zaidi ya kusoma herufi ukutani. Unene wa konea na ramani yake. Ukubwa wa mboni gizani. Kiasi cha machozi, ambacho hupimwa kwa kipande cha karatasi kilichowekwa kwenye ukingo wa kope. Retina pia lazima iangaliwe kwa matone ya kupanua mboni, hasa ukiwa na namba kubwa, maana jicho refu lina retina iliyovutwa na iliyo rahisi kuchanika. Leza haifupishi jicho. Aliyekuwa hasi tisa akichongwa akawa sifuri, retina yake ingali ya hasi tisa, na akiona vimulimuli kama radi au pazia jeusi linateremka, akimbie hospitali siku hiyohiyo. Siku ya matone hayo usiendeshe gari. Nenda na mtu.

Kuna wanaopaswa kungoja, na wengine kuacha kabisa. Aliye chini ya miaka 18 hafanyiwi, na madaktari wengi hupendelea miaka 21, kwa kuwa namba bado inapanda. Namba iwe imetulia kwa mwaka mzima, isibadilike zaidi ya nusu diopta. Leta kadi zako za zamani za miwani, hata ile iliyochanika, ni ushahidi. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, maana homoni hubadilisha machozi na hata namba yenyewe. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, magonjwa ya kinga kama lupasi na baridi yabisi, au anayetumia dawa kali za chunusi, aseme yote bila kuficha. Watu wetu huuliza sana kuhusu makovu yanayotuna, kwamba "ngozi yangu ikikatwa inafura". Zamani hilo lilikuwa kwenye orodha ya tahadhari. Waliofuatiliwa baada ya kuchongwa hawakuonekana kuota makovu hayo kwenye konea. Lakini litaje tu.

Kisha kuna umri wa upande wa pili, ambao nadhani hauzungumzwi vya kutosha. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi ya ndani huanza kukakamaa na kushindwa kulenga karibu. Ndipo unapomwona mtu ananyoosha mkono wote kusoma ujumbe wa M-Pesa. Leza ya konea haizuii hilo. Na kuna jambo la ajabu: mwenye hasi mbili akifika miaka 48 ana bahati asiyoijua, kwa sababu akivua miwani husoma vizuri bila msaada. Akichongwa hadi sifuri ataona mabango ya Uhuru Highway, halafu ataanza kununua miwani ya kusomea. Amebadilisha miwani kwa miwani. Wengine hufanyiwa jicho moja la mbali na jingine la karibu. Hufaa baadhi ya watu, huwachanganya wengine. Usikubali kabla hujajaribu mpango huo kwa lenzi za kubandika kwa siku kadhaa.

Tusitie chumvi, watu wengi hufurahi. Katika ufuatiliaji uliofanywa kwingineko duniani, zaidi ya tisa kati ya kumi husema wameridhika. Shida ni kwamba yule wa kumi hatokei kwenye tangazo.

Malalamiko makubwa ni macho makavu. Konea imejaa neva, na neva hizo ndizo zinazoliambia jicho litoe machozi. Kifuniko kikikatwa, nyingi hukatwa pamoja nacho. Kwa wengi hali hurudi polepole ndani ya miezi sita hadi mwaka, wakitumia machozi ya bandia. Kwa wachache hubaki. Wachache zaidi hubaki na maumivu ambayo daktari akichungulia haoni chochote cha kuyaeleza. Kama tayari macho yako huchoma kila jioni baada ya muda wa saa nane mbele ya kompyuta, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, tibu ukavu huo kwanza. Baada ya PRK hasa, jua nalo ni la kujihadhari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na urujuanimno huku juu ni mkali hata siku yenye baridi; ukizidi, unaweza kuacha ukungu kwenye konea inayopona. Miwani ya jua ya kweli, kwa miezi kadhaa. Ndiyo, umelipa uondokane na miwani, na sasa unaambiwa uvae miwani.

Malalamiko ya pili ni ya usiku: taa zinazopata duara au miale, hasa miezi ya kwanza, na hasa kwa wenye mboni zinazopanuka sana gizani. Dereva wa Thika Road anayekutana na nganya, ile matatu iliyojaa taa za rangi, na boda zenye taa kali zisizojua kuinama, awe amelifikiria hili mapema. Kama riziki yako ni kuendesha usiku, mwambie daktari kabla, na panga likizo.

Kuhusu pesa sitataja bei kwa sababu zinabadilika. Nitasema kinachofichwa. Uliza kama bei ni ya jicho moja au yote mawili. Kama ramani, dawa za matone na ziara za marejeo zimo. Kama ikihitajika kuchongwa tena, ni nani atalipa, na kama konea itakuwa na mikroni za kutosha kwa hiyo mara ya pili. Kama kitu kitaharibika Jumamosi usiku, ni nani atapokea simu. Uliza pia jina la atakayekuchonga, kisha ulitafute mtandaoni kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Mpima macho, afisa wa kliniki wa macho na daktari bingwa wa macho ni watu watatu tofauti, wote wa maana, na ni wa tatu tu anayepaswa kushika leza hiyo. Bima nyingi huihesabu kazi hii kama urembo. Soma karatasi zako kabla ya kuhesabu vifaranga.

Baadaye, maagizo ni machache ila magumu: usifikiche, usiogelee kwa majuma kadhaa, usipake wanja wala vipodozi vya macho mpaka uruhusiwe, lala na kinga ya macho siku za mwanzo. Atakayekushauri utie maziwa ya mama au asali, mpe chai umshukuru kwa wema wake. Matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe, usiyaongeze muda kwa kununua mengine duka la dawa bila kupimwa. Yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya.

Na presha hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye jambo la mwisho: bahasha ya vipimo vyako. Kipimo cha presha ya macho hufanya kazi kwa kuisukuma konea na kuona inavyokaidi. Konea iliyochongwa ni nyembamba, inasalimu amri upesi, na mashine husoma presha ndogo kuliko ilivyo. Glakoma, ugonjwa wa macho unaohusiana na presha hiyo, ambao ni wa kawaida zaidi kwa watu wa asili yetu na huja mapema zaidi, huiba uoni bila maumivu. Miaka 15 baada ya leza unaweza kuketi mbele ya daktari mgeni, akakupima, akasema "presha yako ni nzuri sana", na isiwe nzuri. Hawezi kujua kwa kukutazama kwamba ulichongwa. Kovu halionekani kwa macho. Hivyohivyo siku utakapopata mtoto wa jicho kama shangazi yangu: namba ya lenzi ya bandia hupigwa kutokana na umbo la konea, na konea iliyochongwa huipotosha hesabu hiyo, ukaishia na lenzi isiyokufaa.

Ndiyo maana siku ya kutoka kliniki, kabla hujaita teksi, omba nakala ya ramani, unene wa kabla na wa baada, na namba uliyokuwa nayo. Zipige picha, jitumie kwa barua pepe. Kisha zile za karatasi zitie kwenye bahasha moja na cheti chako cha kuzaliwa, mahali ambapo hata mtoto wako ataipata.